Fidia ya Goti kwa Askari Wastaafu wa Marekani: Huhesabiwa Tangu Lini?

Hotuba iliyotolewa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Miongoni mwetu wamo waliotumikia jeshi la Marekani wakarejea Kenya, na wazazi wa vijana ambao wangali huko. Kurudi nyumbani hakumnyimi mtu fidia ya ulemavu alioupata jeshini. Kinachowapunja wengi ni tarehe.

Watu hudhani kwamba fidia huhesabiwa tangu siku goti lilipoumia. Sivyo. Sheria ya Marekani yasema kwamba huhesabiwa tangu siku dai lilipopokewa na Idara ya Masuala ya Maveterani, au siku haki yenyewe ilipopatikana, ile iliyo ya baadaye. Tuseme askari aliumia akiruka kwa mwavuli mwaka 2012, akatoka jeshini tarehe 30 Juni 2019, na dai lake likafika tarehe 12 Agosti 2024. Atahesabiwa tangu siku hiyo ya Agosti, na fedha zitaanza tarehe 1 Septemba. Miaka mitano imekwenda bure. Lau dai lingalifika kabla ya kutimia mwaka mmoja tangu alipotoka, lingalihesabiwa tangu tarehe 1 Julai 2019.

Sisi tumelelewa kuvumilia maumivu, na ni sifa njema. Lakini afisa wa madai hana mahali pa kuiandika.

Basi asiye na vyeti vyote asingoje. Tangu Machi 2015 iko fomu fupi, nambari 21-0966, ya kuarifu kwamba mtu akusudia kudai. Ikipokewa, apata mwaka mzima wa kukusanya barua za madaktari. Na dai kamili likifika ndani ya mwaka huo, tarehe huwa ile ya fomu fupi.

Goti likizidi kuharibika iko kanuni nyingine. Goti lisiloweza kukunjika kupita nyuzi 45 hupewa ulemavu wa asilimia 10; lisilopita nyuzi 30, asilimia 20. Ikiwa hali imezidi mwezi Machi, daktari wa Nairobi akalipima na kuandika nyuzi 30, nawe ukadai nyongeza Januari inayofuata, nyongeza hiyo yaweza kurudishwa hadi Machi. Ukichelewa kupita mwaka, waanzia siku ya dai. Kwa hiyo daktari na aombwe kuandika nyuzi na tarehe. Kuandika tu kwamba goti linauma hakutoshi. Na goti la pili, lililochoka kwa kulisaidia la kwanza, kwa kawaida lahitaji dai lake na tarehe yake.

Aliyekataliwa anao mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu aupitie uamuzi, au kukata rufani. Akifanya hivyo kwa wakati, kisha akashinda, tarehe ya kwanza haipotei. Akiiacha barua sandukuni, ataanza upya.

Fomu 21-0966 ziko kwa Bwana Katibu. Wanaohusika wazichukue kabla ya chai.