Nguzo Moja Ikiondoka

Juzi mwenye nyumba mmoja hapa Dar es Salaam alinikaribisha nione duka lake jipya. Zamani yalikuwa maduka mawili. Sasa ni moja, pana kama ukumbi. "Hapa katikati palikuwa na nguzo, nikamwambia fundi aikate," akasema kwa fahari. Juu yetu kulikuwa na ghorofa tatu za wapangaji. Nikamwuliza kama haogopi. Akacheka: "Mwezi wa tatu huu, mbona imesimama?"

Sisi tuliotangaza habari za Kariakoo, jengo lilipoporomoka Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, hatukucheka naye. Lakini swali lake linastahili jibu.

Zege hustahimili sana kubanwa. Likivutwa hupasuka, na hapo ndipo nondo hufanya kazi. Boriti inapopita juu ya nguzo huvutwa upande wa juu, kwa hiyo mafundi hujaza nondo huko. Ondoa nguzo, mambo hugeuka. Pale palipokuwa pamebebwa sasa ni katikati ya boriti ndefu maradufu, na panapovutwa ni chini. Uzito ukiwa umeenea sawasawa, urefu ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuikunja boriti huwa mara nne. Na nondo za chini? Mara nyingi huingia kidogo tu ndani ya nguzo na kuishia hapo. Zikivutwa, huchomoka.

Zikipita moja kwa moja bila kukatizwa, na ringi zikikaribiana, boriti inaweza kupasuka na kubonyea bila kukatika. Ikizidi kushuka, nondo huning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, ilimradi nguzo jirani ziweze kuishikilia na kubeba mzigo wa mwenzao. Watu hupata nafasi ya kutoka.

Tarehe 19 Aprili 1995, gari lenye bomu lililipuka mbele ya jengo la serikali la Alfred P. Murrah, la ghorofa tisa, mjini Oklahoma City, Marekani. Walikufa watu 168, wakiwamo watoto 19. Upande ule wa mbele, nguzo za chini zilipishana kwa mita 12 hivi, za juu kwa mita 6. Boriti moja kubwa ya ghorofa ya tatu ndiyo iliyobeba zile za juu zisizo na mwenzake chini. Nguzo tatu za chini zilipokwenda, boriti ile ikaenda, na vyote vilivyokuwa juu yake vikafuata. Wataalamu waliochunguza walisema sehemu kubwa ya jengo iliangushwa na mporomoko huo, si na mlipuko wenyewe. Wakakadiria kwamba nondo zingepangwa kama za majengo ya nchi za matetemeko, mporomoko ungepungua kwa asilimia 50 hadi 80.

Basi ya mwenyeji wangu imesimamaje? Huenda inashikiliwa na kuta za matofali za ghorofa ya kwanza, ambazo mpangaji yeyote anaweza kuzibomoa apate sebule kubwa. Fundi aliyekata hakumbuki aliona nondo gani.

Jana mhandisi alikuja, akaweka majeki ya chuma, akataka ghorofa zote zihamwe. Nilipanda naye. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, mwenye watoto watatu, alituuliza nguzo ipi tunayoizungumzia. Hakuna aliyekuwa amemwambia.