Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ na Daftari la Katibu: Kuhifadhi Historia ya Vikundi vya Maigizo

Machi 1982 polisi walifika Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru nchini Kenya, wakalibomoa jukwaa la wazi walilolijenga wanakijiji kwa mikono yao. Leseni ya kituo chao cha utamaduni ilikuwa imeshafutwa. Mahali palipokuwa na viti vya watazamaji 2,000 pakabaki kiwanja.

Habari hiyo inajulikana, na wanafunzi wa fasihi huisoma kama sehemu ya maisha ya mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Mada hii inaitazama kwa jicho la mtunza nyaraka: baada ya jukwaa kubomolewa, kilibaki nini cha kikundi cha maigizo kilicholitumia, na kilibaki kwa nani?

Igizo la kwanza la kikundi hicho, Ngaahika Ndeenda, liliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Lilianza kuonyeshwa Oktoba 1977, na katikati ya Novemba likapigwa marufuku. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Kitabu kilipotoka mwaka 1980, jalada lake lilibeba majina mawili. Ni haki yao, lakini jalada halisemi yote. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wafanyakazi wa viwandani, wakulima na vijana wasio na ajira waliokuja tu kutazama walikuwa wakisimamisha zoezi kurekebisha maneno: mzee hamsemeshi kijana hivi, harusi haiendi namna hii. Sehemu nzima ya nyimbo za gĩtiiro ilitoka kinywani mwa mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika. Yeye alisema, waandishi wakaandika. Hata jukwaa lilianza kwa mfano uliotengenezwa kwa njiti za kiberiti, chini ya uongozi wa karani wa ofisi ambaye hakusomea usanifu wa majengo.

Mambo hayo yamefika kwetu kwa sababu Ngũgĩ wa Thiong'o aliyasimulia baadaye katika vitabu vyake vya insha. Bahati iliyoje! Vikundi vingi havina mwandishi mashuhuri wa kuvisimulia. Vina katibu mwenye daftari la kurasa 96, nalo likijaa hufungiwa vitumbua.

Igizo la pili la Kamĩrĩĩthũ linaonyesha waziwazi hatari hiyo ya kumbukumbu kupotea. Maitũ Njugĩra, mchezo wa nyimbo nyingi kutoka jamii mbalimbali za Kenya, ulipangwa kuonyeshwa katika Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi Februari 1982. Wasanii walipofika walikuta milango imefungwa. Wakahamia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakafurika kutazama mazoezi hadi huko nako wakazuiwa. Tofauti na ule wa kwanza, mchezo huu wenyewe haukuchapishwa kuwa kitabu. Msomi wa Sweden, Ingrid Björkman, alilazimika kuwatafuta waliouona na kuwahoji, na mwaka 1989 kitabu chake kuhusu mchezo huo kikachapishwa London. Kumbukumbu za watazamaji zikawa ndiyo nyaraka. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na mwongozaji Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe na kuendeleza huko kazi ya sanaa za jamii, kwa hiyo sehemu ya historia ya Limuru inapaswa kutafutwa Harare.

Tanzania ina mfano wenye sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, wakibuni michezo kutokana na matatizo ya kijiji. Penina Mlama aliieleza kazi hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1991. Kitabu hicho ni hazina, lakini kimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanakijiji aliyecheza mchezo ule, akitaka kumwonyesha mjukuu wake alichokifanya, aanzie wapi?

Hapo ndipo ilipo hoja ya mada hii. Kikundi cha maigizo kisihifadhi muswada peke yake. Katika maigizo ya jamii, muswada mara nyingi ni matokeo tu. Historia imo katika mabadiliko. Nakala ya mazoezi iliyochorwachorwa kwa kalamu ina thamani kuliko ile safi iliyochapwa upya. Daftari la mahudhurio linaonyesha nani alikuwepo, risiti ya kitambaa cha maleba inaonyesha nani alitoa fedha, na barua ya kuomba kibali, pamoja na jibu lake, inaonyesha serikali ilikiona kikundi kwa jicho gani.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Pini na vibanio vya chuma vitolewe kwenye karatasi kabla havijashika kutu. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli, taratibu: jina, mahali, mwaka, mchezo. Selotepu isiguse chochote. Mwenye kaseti za zamani avunje vile vijino viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, mtu asije akarekodi taarabu juu ya mazoezi ya mwaka 1988, kisha azinakili kidijitali redio ya kaseti ingali ipo mtaani. Wazee wahojiwe wakiwa pamoja, wawili au watatu, kwa kuwa mmoja akikosea mwingine humkatiza, na ubishi huo nao urekodiwe.

Linabaki suala la umiliki, ambalo vikundi huliogopa bure. Mtafiti akija na kinasa sauti, kikundi kidai nakala kabla hajaondoka, na makubaliano yaandikwe: nani anaweza kuisikiliza, nani anaweza kuitangaza, na jina la mhojiwa litajwe au lisitajwe. Nakala moja ikae kwa kikundi na ya pili ipelekwe Nyaraka za Taifa au maktaba ya chuo kilicho karibu, kwa barua yenye sahihi za pande zote mbili. Mwenyekiti akihama mji, kabati lisihame naye.