Kwa Miguu Kutoka Avebury Hadi Stonehenge

Njia ya Great Stones Way, kusini mwa Uingereza, ina urefu wa takriban kilomita 58 na inaunganisha maduara mawili ya mawe ya kale, Avebury na Stonehenge. Ni rahisi kuiona kuwa mbinu ya kujaza nyumba za wageni tu. Lakini utafiti wa mwaka 2020 ulilinganisha kemikali za mawe ukaonyesha kwamba mengi ya mawe makubwa ya Stonehenge, yenye uzito wa wastani wa tani 20 hivi, yalitoka msitu wa West Woods, kilomita 25 hivi kaskazini, upande wa Avebury. Anayeshuka basi, akapiga picha nje ya kamba inayozuia wageni kuyafikia mawe na kuondoka, umbali huo kwake ni tarakimu; mtembeaji anaujua kwa magoti. Atakayesema njia yenyewe ni ya kisasa hajakosea, maana hata mazoezi ya jeshi kule kwenye uwanda wa Salisbury Plain yanailazimu kuzunguka. Hoja nzito zaidi dhidi yake ni nyayo. Avebury, ambako sehemu ya kijiji imo ndani ya duara na kondoo hula majani kati ya mawe, ardhi huchakaa. Ila unaoichakaza zaidi ni umati unaomiminika sehemu moja, na njia ndefu huutawanya. Maegesho ya magari huukusanya.