Farrokh Bulsara na Wale Wanaomkana: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Bute

Mwenzangu mmoja, msomi ninayemstahi na ambaye sina ruhusa ya kumtaja, aliposikia kuwa nimekusudia kusimama hapa kumtukuza mwimbaji wa roki, tena marehemu, tena aliyefia London, aliniletea waraka mfupi wenye maneno makali, akidai ya kwamba mtu yule hakuwa wetu hata chembe, madhali alibadili jina, akahama nchi, asirudi kuiimbia, wala asiitaje ila kwa nadra. Na kwamba watu wa Wajir wana misiba na fahari zao za kuwatosha, hawana haja ya kuazima maiti wa Unguja. Nimeusoma waraka ule mara nyingi kuliko ulivyostahili, na niliyoyaandaa kwa ajili yenu leo ni jibu lake.

Habari za maisha yake nitazipitia mbio, kwani ni mashuhuri. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mwana wa Bomi na Jer, Waparsi wenye asili ya Gujarati, baba yake akiwa mshika fedha wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Kiingereza. Angali mdogo alipelekwa shule ya bweni ya Panchgani, upande wa Bombay, na huko wenziwe wakamwita Freddie. Akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, akakimbia pamoja na jamaa zake hadi Feltham, kandokando ya London, akiwa na umri wa miaka 17. Mwaka 1970, pamoja na Brian May na Roger Taylor, ambao John Deacon aliwafuata mwaka 1971, akaunda kundi la Queen na kujiita Mercury. Akafariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kuutangazia ulimwengu kuwa ana UKIMWI.

Sasa nije kwenye hoja ya jina, ambayo kusema kweli nilishangaa kuiona ikitoka katika kalamu ya mtu aliyelelewa kaskazini. Ni nani katika hadhara hii asiyemjua mzee aliyeishi akazeeka akazikwa, na nusu ya mji isijue alivyoitwa na babake, kwa kuwa lakabu aliyobandikwa na wenzake kwa sababu ya kilema, au mwendo, au ulafi wa utotoni, ilikuwa imekwisha kulimeza jina lake? Kama kubadili jina ni kuikana asili, basi nusu ya koo zetu zimejikana zenyewe. Huko pwani nako mambo ni yayo hayo: Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, nalo jina la Siti alilipata mjini, sauti yake ilipokwisha kumpandisha daraja; wala sijasikia mtu akisema kuwa kwa sababu hiyo Siti si Mzanzibari.

Na madhali nimemtaja Siti, mnivumilie kidogo, maana kuna kitabu ambacho sijui kukipita bila kusimama, nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad, alichokiandika Shaaban Robert. Nakala yangu imeshonwa upya na fundi wa viatu, na kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Lakini kila nikitaka kujua namna ya kumheshimu mwimbaji, hukirudia hicho kabla ya kitabu chochote cha wanazuoni wa Ulaya. Tazameni ujasiri wa kazi ile: mshairi mkubwa wa Kiswahili wa karne yake, aliyekuwa na uwezo wa kuchagua masultani na mashujaa, akauweka wino wake kwa mwanamke fukara, mzaliwa wa watu wa chini, ambaye wenye nasaba waliwahi kuicheka sura yake, akampima kwa kazi aliyoifanya na tabia aliyokuwa nayo. Hakumtaka kwanza athibitishe ukoo. Na humo ndimo ninamokumbushwa jambo ambalo mwenzangu amelisahau, kwamba sauti ya Siti ilienea pwani nzima baada ya yeye na wenziwe kupanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kutia nyimbo zao katika sahani za santuri. Zanzibar ilijisikia yenyewe kwa njia ya Bombay! Miaka haikupita thelathini, mtoto wa mshika fedha akasafirishwa kwa bahari ileile kwenda upande uleule, naye akajifunza huko piano na kupiga muziki na wanafunzi wenzake. Nasi leo tuambiwe kwamba safari ya kwanza ni historia yetu na ya pili ni utoro?

Ama hoja ya kutorudi, naiona nyepesi zaidi. Mtu aliyefukuzwa na bunduki haulizwi kwa nini hakuja kutumbuiza. Na wale wasemao kuwa aliitupa asili yake yote, wakumbuke kuwa mazishi yake ya mwaka 1991 yaliongozwa na makuhani wa Kizoroasta, kwa sala za lugha kongwe ya dini ya wazazi wake. Fauka ya hayo, kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Mwezi Novemba 1989 serikali iliagiza Wasomali wa Kenya wahojiwe upya ili ijulikane ni nani raia na ni nani mgeni, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi, kana kwamba kitambulisho walichokuwa nacho kilikuwa cha mzaha. Watu walioulizwa asili zao wakiwa juu ya ardhi waliyozikwa babu zao, wanapata wapi ulimi wa kumwuliza mzaliwa wa Unguja kama kweli alizaliwa Unguja, au kama aliipenda vya kutosha? Mapenzi si cheti. Pana watu humu Wajir wasioipenda Bute, na bado ni wa Bute.

Sisemi kwamba kila anayemkataa anafanya hivyo kwa sababu za mwenzangu. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa Unguja ya kutimiza miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipingwa na jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho kwa sababu ya mwenendo wake, ikafutwa. Nami juu ya mwenendo sina la kusema, kwani hesabu ya mja iko kwa Mola wake, na mimi sikuitwa hapa kuwa kadhi. Na upande wa pili wako wafanyao biashara ya jina lake, waliomfungulia makumbusho Shangani mwaka 2019, ambao kwao kila dirisha la Mji Mkongwe lilimsikia akilia utotoni. Hao nawaacha na watalii wao.

Lakini yapo makosa ambayo insafu hainiruhusu kuyafunika. Mwezi Oktoba 1984 Queen walikwenda kuimba Sun City, katika kile kinchi cha bandia cha Bophuthatswana, wakati ulimwengu wote wa watu wenye haya umeisusia Afrika Kusini ya makaburu. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na faini ile ilikuwa ndogo. Mwana wa Afrika kuwaimbia wale! Mwenzangu angaliandika juu ya hilo, ningalikosa jibu; bahati yangu hakuliandika.

Mwaka huohuo wa 1984, ambao kwa watu wa Wajir una jina lake, mauaji ya Wagalla, nami nalitaja kwa taadhima na kupita, mvua zilikatika huku kwetu na njaa ikawaangamiza majirani zetu wa Ethiopia. Na tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, yule yule wa Sun City alisimama kwa muda wa dakika 20 hivi katika tamasha la kuwachangia wenye njaa hao, akawaongoza maelfu ya watu kwa sauti tupu, yeye akitoa na wao wakipokea, mpaka waliokuwa wakimbeza wakakiri.

Ni huko kutoa na kupokea kunakonirudisha kwenye wimbo ninaoutukuza kuliko zote, si ule wa mwaka 1975 unaosifiwa na kila mtu, ingawa nao umetiwa Bismillah katikati, bali ule uitwao Mustapha, unaofungua albamu ya Jazz ya mwaka 1978. Sauti inaanza peke yake, bila ngoma wala gitaa, ikipanda na kuvutwa na kuvunjwa kwa vituo, ikilitaja jina la Mwenyezi Mungu na la Ibrahim, kisha ala zinaivamia na jambo zima linageuka mchezo wa maneno ya Kiarabu na yasiyo ya lugha yoyote. Niliusikia mara ya kwanza katika kaseti ya dereva wa lori la Moyale, aliyekuwa ameegesha mbele ya hoteli ya chai; na maalimu mmoja wa duksi aliyekuwa akinywa chai yake akatua kikombe, akasikiliza ule mwanzo hadi ngoma zilipoingia, ndipo akasema kuwa kijana huyu adhana aliisikia sana ila hakuna aliyemfundisha. Akadai chenji yake akaondoka.

Najua yatakayosemwa. Kwamba wimbo ule ulirekodiwa Ulaya; kwamba mtoto alitoka Unguja akiwa na umri wa miaka minane tu, na Bombay nayo ina misikiti; kwamba wanamuziki wa zama zile walipenda kuokota vya Mashariki kama watu waokotavyo makombe ufukoni; kwamba mwenyewe hakuacha maelezo. Yote hayo nimeyapima, na kila moja lina uzito wake. Walakini mtu anayeiga kwa kusikia ukubwani huiga herufi, na huyu haigi herufi, nyingi anazikosea. Anachokipata sawasawa ni pumzi, mahali pa kunyamaza na urefu wa kunyamaza, jambo ambalo sikio hulipata kabla ya akili kujua kusoma, katika mji ambao hukatiza alfajiri za mtoto wa kila dini kwa sauti ileile. Kwa hiyo nashikilia ya kwamba koo lililoitetemesha Wembley lilifunzwa kupumua Unguja, na atakayeniletea ithibati ya kinyume nitamsikiliza kwa adabu zote, kisha nitamtaka tukae, tuuweke wimbo ule tena tangu mwanzo.