Maji Yatembeayo Ubavuni mwa Mlima



Tumeombwa kusema juu ya mambo ya ajabu yaonekanayo katika mito ya dunia. Yako mengi. Katika Amerika ya Kusini uko mto Casiquiare, uchukuao maji ya mto Orinoco na kuyapeleka katika Rio Negro, hata mito mikubwa miwili ikaungana pasipo mtu kuchimba. Mtaalamu Humboldt aliupita kwa mtumbwi mwaka 1800. Na kule Botswana mto Okavango hauifikii bahari kamwe, bali hutawanyika mchangani ukaisha. Lakini iko ajabu nyingine ambayo sisi twairuka kila siku bila kuitazama, nayo ni mfongo.

Mgeni asimamaye Kibosho au Marangu huona maji yakienda ubavuni mwa mlima, na mto wenyewe u mbali chini korongoni, akadhani maji yanapanda. Hayapandi. Wazee waliotangulia walikwenda juu mtoni, wakajenga banio kwa mawe, magogo na udongo, kisha wakachimba njia yenye mteremko mdogo sana. Mto ukazidi kushuka, mfongo ukabaki mgongoni mwa kilima. Penye bonde dogo walivusha maji kwa gogo lililochimbwa ndani. Bwana Harry Johnston, Mwingereza aliyefika katika nchi ya Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1884, aliandika habari za mifongo hiyo katika kitabu chake.

Tena kuchimba si kazi ngumu kama kugawana. Kila mfongo una mzee wake, naye kwa desturi ni wa ukoo wa yule aliyeuchimba. Yeye ndiye ahesabuye zamu. Usiku maji hukusanywa katika nduwa, asubuhi nduwa hufunguliwa, na mwenye zamu huyaongoza shambani kwake. Siku ya kusafisha wote huitwa, na asiyekuja hutozwa faini. Zamani ilikuwa pombe au mbuzi. Watu wa Oman nao wana falaji zao, na tano kati yake ziliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yake yaligawanywa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Pengine kivuli ni mwamuzi bora, maana hakinywi pombe.

Wengi hudhani ya kuwa mito yetu hutoka katika theluji ya Kibo. Sivyo, theluji huchangia kidogo tu, na maji mengi ni mvua inyeshayo msituni. Nyingine huzama ardhini ikatokea mbali, kama pale Chemka upande wa Rundugai, ambapo katika nchi kavu maji maangavu hububujika chini ya mizizi ya mikuyu.

Maji ya Karanga, Weruweru na Kikafu hufika Kikuletwa, yakaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960, kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani kabla ya kufika baharini. Kwa hiyo watu wa chini hulalamika kwamba mifongo yetu hunywa maji yao, na tangu mwaka 1991 iko ofisi ya bonde la Pangani ishughulikiayo haki za maji. Sisi twaona malalamiko hayo yana kweli nusu. Mfongo wa udongo huvuja, ni kweli, lakini sehemu ya maji yavujayo hunywesha migomba iliyo kando yake. Ukiusakafia kwa saruji, migomba hiyo itakunywa nini?

Hasara iliyo kubwa zaidi ni mfongo ulioachwa. Mabomba yamekuja, vijana wamekwenda mjini, na banio likibomolewa na mafuriko ya masika watu kumi hutazamana nani aanze. Mwenye kihamba cha mwisho hapewi habari na mtu. Huiona mwezi wa Februari, migomba yake inaponyauka na ya jirani wa juu ingali kijani.