Kutembea Msituni na Watoto

Leo tuzungumze kuhusu kutembea msituni pamoja na watoto. Sisemi kupanda mlima. Nasema ule mzunguko mfupi, tuseme wa kilomita 3, unaoanzia langoni na kukurudisha langoni. Tuchukue mfano wa Karura, hapa Nairobi, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka 1999 usinyakuliwe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji kutembea na kucheza jumla ya saa 3 kila siku. Kwa sisi tunaoishi nyumba ya chumba kimoja ghorofani, saa hizo atazipata wapi?

Sasa sikiliza, mama. Kilomita 3 ukiwa peke yako ni kama dakika 40. Ukiwa na mtoto wa miaka 3 anayesimama kutazama kila mdudu, weka saa 2. Na mzunguko una tabia yake: ukifika katikati, kurudi nyuma ni mbali sawa na kwenda mbele. Mtoto akichoka hapo, ni mgongo wako. Kwa hivyo amua mapema. Mkitembea robo ya njia na tayari analia abebwe, geukeni. Msitu utakuwepo Jumamosi ijayo.

Fikeni asubuhi, saa mbili au saa tatu, kabla jua halijawa kali. Bebeni maji safi kutoka nyumbani, lakini si katika chupa ya plastiki ya kutumia mara moja. Tangu Juni 2020 hairuhusiwi katika misitu na mbuga zetu zinazolindwa. Mpe mtoto maji kidogo kidogo hata kama hajaomba. Midomo ikikauka, akilia bila machozi, au akikaa saa nyingi bila kukojoa, amepungukiwa na maji. Akilegea na kushindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya.

Na yule mchanga ambaye hajatimiza miezi 6? Huyo hapewi maji, hata siku ya jua. Keti kivulini umnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe vya kutosha. Ukimbeba kwa leso, uso wake usifunikwe na kidevu kisibanwe kifuani, maana pumzi yake hupita kwa shida. Akiwa mgongoni humwoni, basi mwenzako amwangalie kila mara.

Chakula kiwe chepesi: ndizi, mayai, viazi vitamu vilivyochemshwa. Kifungeni vizuri, kwani kima wa Karura hunyakua bila kubisha hodi. Mtoto asile matunda ya porini, hata yawe mekundu ya kuvutia namna gani. Mwenye pumu asisahau inhela yake.

Mvisheni suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole, na soksi zivutwe juu ya suruali ili siafu wasipande. Tembeeni njiani, si vichakani. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usifunge kamba, usinyonye sumu, na lile jiwe jeusi liacheni. Mvue viatu na bangili kabla hajavimba, mguu au mkono usitikiswe, abebwe hospitalini mara moja.

Kabla ya kuingia, mweleze mtoto hivi: "Usipotuona, simama hapo hapo, shika mti, uite." Mtoto anayesimama hupatikana upesi kuliko anayetafuta. Mtie mfukoni karatasi yenye nambari yako ya simu. Wewe nawe soma nambari za vibao vilivyo kwenye njia panda. Ukihitaji msaada, ndizo utakazomtajia askari wa msitu.

Jioni, wakati wa kumwogesha, mkague kupe nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja. Ukimpata, mshike karibu na ngozi kwa kibanio, umvute polepole bila kumponda. Homa ikija siku zinazofuata, mpeleke kliniki na umwambie daktari kwamba mlikuwa msituni.