Pipa la Magendo Halisafishwi kwa Moto



Mkaguzi wa mizigo Busia, au Malaba upande wa Tororo, aweza kukuta pipa la maji maangavu yenye harufu ya waragi. Huenda ni ethanoli, kileo cha kunywewa; huenda ni methanoli, sumu ya viwandani. Macho na pua havitofautishi.

Asidanganyike mtu kwamba moto huigeuza methanoli kuwa kinywaji. Kugeuza alkoholi nyepesi kuwa nzito ni kazi ya kiwanda: mvuke hupitishwa, kwa joto kali, juu ya chembe za shaba au nikeli zilizoshikizwa kwenye alumina. Ndivyo ethanoli inavyozaa butanoli. Jiko la chang'aa halina uwezo huo. Methanoli ikiingia, hutoka methanoli. Na ini la mnywaji huigeuza kuwa asidi inayopofusha na kuua.

Kabale, Uganda, mwaka 2010, na Embu, Kenya, mwaka 2014, makumi ya watu walizikwa.

Basi pipa lililokamatwa lisionjwe wala lisigawanywe kambini. Lipelekwe kwa mkemia wa serikali. Na mnywaji anayeona ukungu machoni akimbizwe hospitali, asiachwe alale.